Betri Ikikaribia Kujaa, Chaja Yako Inafanya Nini?

Mtu akienda dukani kununua chaja ya betri huuliza mambo mawili: bei gani, na ina ampea ngapi. Swali la tatu ndilo linaloamua kama betri itadumu miaka minne au itakufa kabla ya mwaka kuisha, na ni nadra kulisikia likiulizwa: betri ikikaribia kujaa, hii chaja inafanya nini? Ipo inayojizima. Ipo inayopunguza umeme kidogokidogo. Na ipo inayoendelea kusukuma usiku kucha mpaka betri ichemke na chumba kijae harufu ya asidi. Hasara nyingi na ajali nyingi za kuchaji betri za risasi, iwe ya gari, ya sola au ya inveta, hutokea katika kipindi hicho cha mwisho, wakati mwenyewe ameshaamini kazi imekwisha.

Ili kuelewa kwa nini, tuanzie ndani ya betri.

Betri ya volti 12 ni seli sita zilizofungwa mfululizo, kila moja ikitoa volti mbili na kitu. Katika kila seli kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Unapotumia betri, asidi inashikana na mabamba na kugeuka salfeti ya risasi, na kile kinachobaki kwenye seli kinazidi kuwa maji matupu. Unapochaji, salfeti inavunjika na asidi inarudi ilikotoka. Kemia hii ni ileile tangu Mfaransa Gaston Planté alipotengeneza betri ya kwanza ya aina hii mwaka 1859.

Kwa hiyo volti za betri iliyotulia zinakueleza hali yake. Iache saa kadhaa bila kuitumia wala kuichaji, kisha ipime kwa mita. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. Volti 12.2 iko karibu nusu. Ikisoma 11.9 imekaribia kuisha, na hapo usiiache hivyo hata siku chache, kwa sababu salfeti iliyokaa kwenye mabamba hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuzivunja. Betri nyingi zinazosemwa kwamba "zimekataa kuchaji" ziliachwa tupu nyuma ya nyumba wiki nyingi kabla ya mtu kuzikumbuka. Mimi ningekuwa na fedha ya kununua kifaa kimoja tu, ningenunua mita kabla ya chaja nzuri. Mita ya bei nafuu inakuonyesha kile ambacho taa za kijani na nyekundu kwenye chaja zinakificha.

Sasa tuje kwenye mwisho wa kuchaji. Wakati salfeti bado ni nyingi, umeme unaoingia una kazi ya kufanya na betri inaupokea kwa utulivu. Salfeti ikipungua, umeme unakosa kazi, na volti zinapofika kwenye 14.1 hadi 14.4 unaanza kuvunja maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Huko ndiko kuchemka: zile povu unazozisikia zikitokota ni gesi zinazotoka kwenye mabamba, hata kama betri haina joto kali. Kuchemka kidogo mwishoni kwa betri ya maji, ile yenye vifuniko vya kuongezea maji, hakuna ubaya, kunasaidia kuchanganya asidi iliyotuama chini. Ubaya ni kuendelea.

Hesabu yake ni rahisi. Kila ampea-saa moja, yaani ampea moja kwa saa moja, inayosukumwa kwenye betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa inakula takriban gramu 2 za maji na kutoa karibu lita 2.7 za haidrojeni. Chaja ikisukuma ampea 7 kwa saa moja ya ziada, hizo ni karibu lita 19 za haidrojeni. Ikiendelea hivyo saa nane, zaidi ya gramu 110 za maji zimepotea; hali hiyo ikijirudia bila kuongezwa maji, mabamba yanaanza kutokeza juu, na sehemu ya bamba iliyokaushwa haifufuki.

Haidrojeni inawaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Watu wakisikia hivyo huwaza chumba kizima kulipuka, na kwa kuwa chumba chao kina madirisha wanajiona salama. Lakini mlipuko unaotokea mara nyingi ni wa betri yenyewe. Ile nafasi ndogo iliyo juu ya maji, chini ya vifuniko, imejaa mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, tena kwa uwiano uleule unaowaka vizuri kuliko wote. Mtu anafika, chaja ikiwa bado imewashwa, anachomoa kibano, cheche inaruka, na moto unapita kwenye tundu la kifuniko kuingia ndani. Boksi la plastiki linapasuka na asidi inamrukia usoni. Dirisha likiwa wazi au limefungwa, cheche iliyo sentimita chache kutoka kwenye tundu haijali.

Chaja ya transfoma

Hii ndiyo ile nzito, yenye mshale wa ampea mbele, ambayo utaikuta kwa fundi wa betri karibu kila mji. Ndani yake kuna transfoma na dayodi, basi. Ni imara, inatengenezeka, na inaweza kuamsha betri iliyolala kabisa. Kosa lake ni kwamba haijui betri imefika wapi. Ampea zinapungua zenyewe kadiri volti za betri zinavyopanda, na mshale unaposhuka mtu hudhani chaja imepunguza kwa akili. La. Imepungua tu, haijasimama.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Chaja ya namna hii haina kitu cha kushikilia volti zake mahali pamoja. Inafuata umeme wa ukutani. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, majiko na televisheni, umeme wa volti 230 unaweza kuwa umeshuka sana. Unaiweka betri, mshale unaonyesha ampea 5, unaridhika na kwenda kulala. Saa nane usiku mtaa umelala na umeme umepanda. Ukutani pakifika volti 250, chaja iliyokuwa ikitoa volti 15 sasa inaweza kutoa zaidi ya 16, na hapo ndipo betri ilipokaribia kujaa. Yaani chaja inaongeza nguvu wakati uleule ilipopaswa kupunguza. Ukiwa nayo, itumie mchana, ukiwa karibu.

Saa za kuchaji zinakokotolewa. Tuseme una betri ya 70Ah, yaani ampea-saa 70, na imesoma volti 12.2. Iko nusu, kwa hiyo inadai ampea-saa 35. Kwa betri ya maji, kiwango cha usalama ni ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya namba ya Ah iliyoandikwa ubavuni, kwa hiyo hapa ni ampea 7. Kwenye karatasi hizo ni saa tano. Kwa kweli ongeza karibu asilimia 15 kwa ajili ya kinachopotea njiani, na kumbuka ampea zinashuka kuelekea mwisho, kwa hiyo tarajia saa saba hadi tisa. Kuanzia saa ya tano, pima volti vibano vikiwa bado vimebana. Zikipita 14.4 na betri inatokota katika seli zote, zima. Ukiwa na haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, bora zaidi: maji ya betri iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na seli zote sita zinapaswa kukaribiana. Shika ubavu wa betri pia. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa mkono wako hautaki kukaa hapo, zima uache ipoe.

Chaja hiyohiyo ya gari ukiifunga kwenye betri ya bodaboda ya 7Ah ni kuiua. Betri hiyo inataka ampea 0.7, na wewe unaipa kumi.

Chaja za smati

Hizi za kielektroniki zinafanya kazi kwa hatua tatu. Kuchaji vizuri ni kama kujaza dumu la mdomo mwembamba: mwanzo unafungua bomba lote, likikaribia kujaa unalipunguza. Kwanza zinasukuma ampea zote mpaka volti zifike 14.4 hadi 14.7. Kisha zinashikilia volti hizo na kuacha ampea zishuke zenyewe. Mwisho zinateremka hadi 13.5 au 13.8, ambapo betri inabaki imejaa bila kuchemka, na unaweza kuiacha hapo siku kadhaa.

Mradi umechagua aina sahihi. Betri ya maji inavumilia 14.4 na zaidi kidogo. Betri ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo, inakubaliana na viwango vinavyokaribiana na hivyo na inapokea ampea nyingi zaidi. Betri ya jeli haitaki kuzidishwa, volti 14.1 hivi zinaitosha, na zikizidi, gesi inaacha vipovu ndani ya jeli ambavyo haviondoki. Hizi mbili za mwisho ndizo tunazoziita betri kavu, na watu wanadhani haziwezi kuchemka kwa kuwa hazina vifuniko. Zinaweza. Zimetengenezwa ili oksijeni irudi kuwa maji ndani kwa ndani, lakini ukizidisha, shinikizo linafungua vali ndogo, maji yanatoka kama gesi, na huna pa kuyarudishia. Betri kavu iliyovimba mbavu ni betri iliyopikwa.

Kitufe kilichoandikwa kurekebisha au kusawazisha, kinachopandisha volti hadi 15 au 16, ni cha betri ya maji peke yake, tena ukiwepo. Na kile cha lithiamu usikiguse kwa betri ya risasi.

Chaja nyingi za smati hukataa betri iliyoshuka sana. Zinaona volti chache mno na kudhani hakuna betri. Fundi mwangalifu huianzisha kwa chaja ya transfoma kwa ampea kidogo, akiwa amesimama palepale, na ikianza kupokea anaihamishia kwenye smati.

Betri tano kwenye chaja moja

Kwa mafundi wa kuchaji betri za watu, na wale wa vijijini wanaoletewa betri za taa na redio kwa baiskeli, kuna desturi ya kuunganisha betri kadhaa kwenye chaja moja kubwa. Ni biashara halali na inasaidia watu wengi, lakini mteja anapaswa kujua betri yake imeunganishwa pamoja na betri zipi.

Zikifungwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, ampea zinazopita ni zilezile kwa zote. Weka betri ya 35Ah pamoja na ya 100Ah kwa ampea 7: ile kubwa inakunywa taratibu, ndogo inapewa mara mbili ya kiwango chake. Ndogo inajaa kwanza, halafu inakaa saa nyingi ikichemka huku ikimsubiri mwenzake. Ndiyo maana betri ndogo ikirudi kutoka kwa fundi mara tatu nne, inakufa, na mwenyewe anamlaumu muuzaji. Zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya, tatizo linageuka: betri yenye seli mbovu inawanyonya wengine na hakuna inayojaa. Muulize fundi kistaarabu aweke yako pamoja na zinazolingana nayo kwa Ah na kwa hali, au peke yake. Fundi anayejua kazi hatakasirika kuulizwa.

Sola, gari na inveta

Paneli iliyoandikwa volti 12 haitoi volti 12. Jua likiwaka, ya wati 100 inafanya kazi kwenye volti 18 hivi, na bila mzigo inafika 21 au 22. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye betri, inachaji vizuri asubuhi, na kuanzia betri inapojaa mpaka jua linaposhuka inachemsha maji kila siku ya Mungu. Kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ndiyo inayokata. Ya PWM ni ya bei nafuu na inatosha kwa mfumo mdogo. Ya MPPT inavuna zaidi kutoka kwenye paneli ileile, hasa paneli yenye volti nyingi kuliko betri. Zote mbili hufanya hatua zile tatu za chaja ya smati, na zote zinahitaji kuambiwa ni betri ya aina gani. Kwenye nyingi za bei nafuu aina inaandikwa kwa msimbo, mfano b1, b2, b3, na maana yake iko kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Karatasi hiyo isitupwe. Unapofunga, betri iunganishwe na kontrola kwanza, paneli ifuate. Unapofungua, paneli itoke kwanza. Weka fyuzi karibu na chanya ya betri.

Alteneta ya gari inatoa kama volti 13.8 hadi 14.5 na kazi yake ni kurudisha umeme kidogo uliotumika kuwasha injini. Haikuundwa kufufua betri iliyokufa. Ukibusti gari asubuhi kisha ukaenda sokoni na kurudi, betri bado ina njaa. Ichaji kwa chaja ukifika nyumbani.

Inveta zenye chaja ndani ni suala la mipangilio tu: tafuta ampea na volti zilizowekwa kiwandani, uzilinganishe na betri yako, usikubali fundi aondoke kabla hajakuonyesha.

Joto la pwani

Viwango vyote nilivyotaja ni vya betri yenye nyuzi joto 25. Kwa kila nyuzi moja inayozidi, betri ya volti 12 inataka kupunguziwa kati ya milivolti 18 na 30. Betri iliyokaa chini ya bati Tanga au Mombasa mwezi Februari inaweza kuwa na nyuzi 35 bila hata kuchajiwa. Ukiipa volti 14.4, kwake ni sawa na 14.6 au 14.7. Kinyume chake, Njombe au Limuru mwezi wa Julai 14.4 hiyohiyo inaweza kuiacha betri haijajaa vizuri. Kontrola na chaja nzuri zina kihisi cha joto kinachobandikwa ubavuni mwa betri. Wengi wanakiona ni waya wa ziada na kukiacha kwenye boksi. Kibandike. Na betri yenyewe iondoe kwenye bati, iweke sakafuni penye kivuli na hewa inayopita juu na chini.

Mikono na macho

Utaratibu wa vibano ni mfupi. Chaja ikiwa imechomolewa ukutani, bana chanya kwanza, halafu hasi, hakikisha kitasa cha kuchagua volti kiko 12 na si 24, ndipo uchomeke ukutani. Kumaliza ni kinyume: ukutani kwanza, subiri dakika kadhaa gesi ipungue, kisha hasi, kisha chanya. Unapobusti gari, kibano cha mwisho cha hasi kiende kwenye chuma cha injini mbali na betri, ili cheche iruke huko. Pete na saa ya chuma vua. Spana ikigusa chanya na bodi ya gari kwa pamoja, inapitisha mamia ya ampea na kugeuka nyekundu kabla hujaiachia.

Maji ya betri ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu yanapanda wakati wa kuchaji; ila kama mabamba yako wazi, yafunike kwanza kidogo. Yawe yale yasiyo na asidi, wala si ya bomba au kisima. Soma chupa, maana ya asidi na yasiyo na asidi hukaa rafu moja na yanafanana kama mapacha. Betri iliyopungukiwa maji imepoteza maji tu, asidi yake yote bado imo.

Asidi ikimwingia mtu jichoni, maji safi mengi, dakika zisizopungua 15, jicho likishikwa wazi, kisha hospitali. Weka ndoo ya maji hapo kabla hujaanza kuchaji. Bikaboneti ya soda ya jikoni ni ya kumwagia sakafuni, kamwe si jichoni. Na betri ikianza kunuka mayai viza, hiyo ni gesi ya sumu ya salfidi ya haidrojeni. Zima umeme kwenye swichi ya ukutani bila kuisogelea betri, fungua milango, toka nje.

Hata smati hudanganyika

Chaja smati inasoma volti za betri nzima, haioni seli mojamoja. Seli moja ikipata shoti, betri inabaki na seli tano. Chaja inaendelea kutafuta 14.4 yake, na seli tano zilizo hai zinagawana: kila moja inapata karibu volti 2.88, wakati kuchemka kunaanzia 2.35 hivi. Zinatokota kwa nguvu, ile moja imenyamaza, na chaja inaonyesha taa ya kuchaji kana kwamba kila kitu kiko sawa. Dalili yake ni betri inayorudi kwenye volti 10.5 hivi kila ukiiacha itulie, au seli moja inayosoma tofauti kabisa kwenye haidromita. Hiyo haichajiwi tena na chaja yoyote.

Ipeleke nzima, na asidi yake ndani, kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Risasi iliyomo ina bei. Usiruhusu mtu aimwage asidi mtaroni wala aivunjie uani watoto wanapochezea. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu waliugua kwa risasi iliyoingia kwenye udongo na hewa yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.